Saza: Mawe Yenye Milia

Bila shaka umeshaziona picha za ule mlima wa rangi kule Peru, Vinicunca. Una milia myekundu, ya njano na ya kijani, utadhani kitenge kimeanikwa juani. Zile rangi ni madini tu. Wekundu, kwa mfano, unatokana na chuma kilichoshika kutu. Kuufikia unapanda zaidi ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, pumzi inakata, kichwa kinagonga. Nauli yake ndiyo usiseme!

Mimi nilikwenda kutazama milia ya nyumbani: Saza, wilaya ya Songwe, kwao mume wangu.

Mbeya unaondoka na sweta. Ukishapita Mbalizi na kuteremka bondeni kuelekea Mkwajuni, sweta inageuka mzigo. Vilima vya Saza si virefu, na kwa mbali unaona vichaka na vumbi tu. Uzuri wake uko ndani ya jiwe. Wifi yangu aliokota kipande akanipa: mlia mweupe wa kwatzi, mlia wa kijivu, halafu mlia wa rangi ya kutu.

"Wifi, hapo penye kutu ndipo tunapopapenda," akacheka.

Ana sababu. Katika mwamba wa Lupa, wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9, dhahabu hupenda kukaa jirani na madini ya chuma. Watu walianza kumiminika huku tangu miaka ya 1920, na mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956. Wachimbaji wadogo nao hawajaacha. Mawe yanapondwa, unga unaoshwa, kisha unachanganywa na zebaki ili idake chembe za dhahabu. Donge linalopatikana linachomwa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki.

Jioni wifi akawasha jiko la mkaa jikoni, akatoa donge lake kwenye khanga. Ana mimba ya miezi mitano! Moyo ukanilipuka paa. Nikamwambia mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, ila unaingia mapafuni, unapita kwenye damu hadi kwa mtoto tumboni, na unaweza kuharibu ubongo wake unaokua.

Akanitazama. "Sasa wifi, mimi nitakula nini?"

Swali hilo halijibiwi kwa mkataba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini sufuria ya wifi haingoji mikataba. Tukamwita shemeji, tukakaa chini watatu. Mwanzoni alinuna, hela ya donge ni ya mkewe, asije akaambiwa anamnyang'anya. Mwisho wakakubaliana: wifi hashiki zebaki tena hadi amalize kunyonyesha. Kuchoma kutafanyika mbali na nyumba, kwenye chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kunasa mvuke. Hela itaendelea kuingia mkononi mwa wifi.

Usiku ule donge halikuchomwa.

Shosti, ukienda Saza beba kofia na maji, na omba ruhusa kabla ya kusogelea shimo la mtu. Na ukimwona mjamzito karibu na jiko la zebaki, usimcheke wala usimhubirie. Muite na mumewe, mzungumze wote.