Ndani ya lango au nje? Hesabu ya malazi Disney World

Msomaji, huenda una ndugu Marekani ambaye kila Krismasi hukuahidi kwamba mwaka ujao atawaalika nyote, na watoto wako tayari wanakukaririra majina ya michezo watakayopanda huko Florida. Siku ahadi hiyo itakapotimia, na viza zikapatikana, kutazuka ubishi ambao hamkuutarajia. Je, mlale wapi? Katika hoteli iliyo ndani ya eneo la bustani yenyewe, au nje ya lango ambako chumba ni karibu nusu ya bei?

Ubishi huo uliingia kwetu mwaka wa 2024. Dada yangu, ambaye ni muuguzi katika jimbo la Georgia, alikuwa ameweka akiba ya zamu za usiku za miaka miwili ili Mama, mwenye umri wa miaka 71, awaone wajukuu wake wote mahali pamoja. Mama na dada hawakuwa wameonana kwa miaka tisa. Wakati wa likizo ya Agosti tuliondoka Nairobi tukiwa watu watano: Mama, mke wangu, mimi na watoto wetu wawili, wa miaka tisa na minne. Dada angetufuata kwa gari pamoja na wanawe wawili.

Mke wangu alitaka tulale ndani. Dada akasisitiza nje. Mwishowe tuliafikiana kujaribu kote: siku mbili moteli ya nje, siku mbili hoteli ya ndani, na siku tatu nyumba ya kukodi. Nakusimulia yaliyotukuta ili wewe usihamishe masanduku mara tatu kama sisi.

Mahali penyewe

Kwanza yakupasa kujua kwamba Walt Disney World si bustani moja. Ni eneo la kilomita mraba 100 hivi karibu na mji wa Orlando, pungufu kidogo tu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi ambayo ina kilomita mraba 117. Ndani yake mna bustani nne kubwa za burudani: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Aidha kuna maziwa, misitu, barabara kuu na hoteli zaidi ya 20. Kwa hivyo, kulala ndani si kusema utaamka, uvae viatu na kujikuta mchezoni. Ni kama mtu aliyelala upande wa Athi River akitaka kufika lango la Lang'ata. Bado atapanda gari.

Ukubwa huo haukutokea kwa bahati. Walt Disney alipofungua bustani yake ya kwanza, Disneyland ya California, mwaka wa 1955, alikuwa na kipande kidogo cha ardhi. Muda si muda moteli na mikahawa ya watu wengine iliizunguka pande zote na kuvuna fedha za wageni wake. Hata ile Disneyland Hotel ilijengwa na mfanyabiashara mwingine, Jack Wrather, kwa vile Disney hakuwa na fedha za kuijenga. Somo hilo halikumtoka. Katikati ya miaka ya sitini kampuni yake ilinunua ardhi Florida kimyakimya, kupitia kampuni zenye majina mengine, ili wauzaji wasipandishe bei. Mwenyewe alifariki Desemba 1966 kabla ya kuona kazi hiyo ikikamilika, lakini bustani ilipofunguliwa Oktoba 1, 1971, tayari kulikuwa na hoteli mbili ndani yake.

Nia basi ilikuwa mgeni alale, ale na atumie fedha zake zote kwa mwenye bustani. Ukilielewa hilo, bei za ndani hazitakushangaza, na utatambua pia kwamba huko nje kuna watu ambao wamekuwa wakingojea wageni hao tangu mwanzo.

Moteli na basi la bure

Tulianzia Kissimmee, kando ya barabara ya 192 ambayo imepangwa moteli kama vibanda vya sokoni. Chumba chetu kilitangazwa kwa dola 90 kwa usiku. Kilikuwa na vitanda viwili vikubwa, nao wenyewe wakatuongezea kitanda cha kukunja kwa ajili ya mtoto. Dola moja wakati huo ilikuwa Sh129 hivi, na mimi nikawa najipongeza kimoyomoyo.

Haba na haba hujaza kibaba. Sehemu hiyo wageni hulipa kodi ya asilimia 13.5 juu ya bei ya chumba. Kisha kukawa na ada ya huduma, dola 15 kila siku, ambayo haikuwa imeandikwa kwenye bei tuliyoona. Lau tungekuwa na gari, kuliegesha kwenye bustani kungetugharimu dola 30 kwa siku, yaani karibu Sh3,900. Sisi tulitegemea basi la bure la moteli.

Basi hilo liliondoka saa mbili asubuhi, likapitia moteli nyingine tatu na kutushusha kwenye kituo cha kuegesha magari cha Magic Kingdom. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kituo hicho kiko ng'ambo ya ziwa. Mgeni wa nje hupanga foleni tena ili avuke kwa feri au kwa treni ya reli moja. Tulifika langoni karibu saa nne. Bustani ilikuwa imefunguliwa saa tatu.

Saa saba na nusu mvua ya radi ilinyesha, kama inavyonyesha mchana mara nyingi Florida wakati wa kiangazi chao. Binti yetu alikuwa amechoka na analia. Magoti ya Mama yalikuwa yamevimba. Basi la kwanza la kurudi lilikuwa la saa kumi na moja jioni, na la mwisho saa nne na nusu usiku. Nikapendekeza tuite teksi.

"Hiyo nauli ni usiku mzima wa mwanangu kuwageuza wagonjwa," Mama akasema. "Mimi nitakaa hapa."

Akakaa kwenye benchi chini ya paa la duka kwa zaidi ya saa tatu, mjukuu amelala mapajani mwake. Saa kumi na moja tukapanda basi sote. Fataki, ambazo ndizo watoto walizokuwa wakizizungumzia tangu Nairobi, zilirushwa usiku bila sisi.

Ndani ya lango

Siku ya tatu tulihamia ndani, katika mojawapo ya hoteli za daraja la chini, dola 170 kwa chumba kabla ya kodi ya asilimia 12.5. Pale pale kwenye dawati tukakumbushwa kwamba vyumba vya kawaida vya daraja hilo ni vya watu wanne. Sisi ni watano. Tukalipia viwili.

Hata hivyo, tofauti tuliiona asubuhi iliyofuata. Mabasi ya ndani huja mara kwa mara mchana kutwa wala huhitaji kuyafuata kwa saa. Ukienda Magic Kingdom yanakushusha karibu na lango, huhitaji kuvuka ziwa. Isitoshe, wageni wa hoteli hizo huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, na katika nusu saa hiyo tulipanda michezo miwili ambayo baadaye ilikuwa na foleni ya zaidi ya saa moja.

Saa sita mchana, jua lilipokuwa kali, tulirudi hotelini. Mama akainua miguu juu ya mto akalala. Watoto wakalala. Saa kumi na moja tukarejea bustanini, na usiku binti yetu akatazama fataki akiwa mabegani mwangu, Mama naye amesimama kando yetu bila kulalamikia magoti. Ukiniuliza dola zile zilinunua nini, nitakwambia si kitanda, kwani kile cha moteli kilikuwa kizuri vilevile. Zilinunua usingizi wa mchana.

Lakini nisikufiche. Vyumba vyetu viwili havikuwa jirani. Hapakuwa na jiko, ila jokofu dogo tu, na siku mbili mfululizo Mama alikula viazi vya kukaanga. Dada alipowasili usiku wa pili, baada ya kuendesha gari kwa saa saba, tulikuwa watu wanane tukitafuta pa kukaa juu ya vitanda viwili. Watoto wakaanza kusinzia. Mama na binti yake, baada ya miaka tisa, waliagana saa tatu usiku kwenye ukumbi wa mapokezi, kama watu waliokutana stendi ya basi.

Nyumba ya kukodi

Siku tatu za mwisho tulikaa katika nyumba ya vyumba vinne vya kulala, mwendo wa dakika 25 kutoka bustanini. Nyumba za aina hii ni nyingi kusini mwa Orlando, na nyingi zina kidimbwi chake cha kuogelea. Tulilipa dola 210 kwa usiku ukijumlisha kodi na ada ya usafi, watu wanane.

Dada alikuwa amebeba unga kutoka duka la Waafrika kule Georgia. Katika duka kubwa la karibu tulipata majani ya collard, ambayo ni ndugu wa sukuma wiki. Mama akashika mwiko. Jioni ya kwanza hakuna aliyezungumzia bustani. Watoto walikuwa kidimbwini, na wale wawili walikaa jikoni mpaka saa saba usiku.

Katika siku hizo tatu tulirudi bustanini siku moja tu, Animal Kingdom. Humo mna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, ambacho wabunifu wake waliiga sura ya Lamu. Kisha tukaenda kula katika hoteli ya Animal Kingdom Lodge iliyofunguliwa 2001. Majumba yake yanaitwa Jambo House na Kidani Village, na mikahawa yake ni Jiko, Boma na Sanaa. Chumba chenye dirisha linalotazama twiga na pundamilia mara nyingi hupita dola 500 kwa usiku. Mama alipoona ng'ombe wa Ankole wakilisha chini ya vyumba hivyo alicheka mpaka akakaa chini.

Jambo usilolipuuza ni hili: si lazima ulale hapo. Mtu yeyote aweza kuweka nafasi ya meza Boma, akala na kuwatazama wanyama.

Hesabu yako

Chukua kalamu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Moteli ya dola 90, pamoja na kodi na ada, ni dola 117. Ukiongeza teksi ya kuwarudisha watoto mchana na kuwapeleka tena, tuseme dola 50, imefika 167. Chumba cha ndani cha dola 170 pamoja na kodi ni dola 191. Tofauti iliyoonekana kuwa nusu kwa nusu imebaki dola 24, yaani Sh3,100 hivi. Lakini mkiwa watano na kulazimika kulipia vyumba viwili, ndani inakuwa dola 382, na hesabu inageuka kabisa.

Kumbuka pia kwamba kulala ndani hakukupi tiketi ya bustani. Hiyo hulipiwa kando, na kwa mtu mzima tiketi ya siku moja huzidi dola 100. Walio chini ya miaka mitatu huingia bure. Na ukiambiwa na aliyekwenda zamani kwamba hoteli za ndani humchukua mgeni bure kutoka uwanja wa ndege, mwarifu kwamba basi hilo liliondolewa mwanzoni mwa 2022.

Ushauri wangu basi ni huu. Ikiwa hamzidi wanne, mna mtoto mdogo au mzee, hamna gari, na siku zenu ni mbili au tatu, laleni ndani hata kama ni katika hoteli ya bei ya chini kabisa. Ikiwa ni moteli, usilipe kabla ya kuuliza basi linarudi saa ngapi na ada gani hazijaandikwa. Mkiwa wengi na mna gari, kodini nyumba.

Lakini kabla ya yote, waulize mnaosafiri nao wanaendea nini. Sisi hatukuuliza. Siku ya kuondoka nilimwuliza Mama ni wapi alipopapenda zaidi, nikitarajia aseme fataki.

"Fataki zilikuwa nzuri," akasema. Kisha akamtazama dada, aliyekuwa akiosha sufuria. "Lakini hii nyumba, mngenileta siku ya kwanza."