Nyota Haiibiwi



Katika lugha yetu neno "nyota" limebeba mizigo miwili. Kuna nyota ya angani, na kuna nyota ya mtu, yaani bahati yake. Hiyo ya pili ndiyo inayotangazwa kwenye vibao vilivyopigiliwa kwenye miti na nguzo za umeme: kusafisha nyota, kurudisha nyota iliyochukuliwa. Nilipopelekwa kwa mwaka wa kichungaji katika parokia moja hapa Tabora na kukabidhiwa watoto wa Utoto Mtakatifu, sikujua kwamba kutenganisha nyota hizi mbili kungekuwa sehemu kubwa ya utume wangu.

Sababu ilikuwa binti mmoja wa miaka tisa. Siku moja baada ya mafundisho aliniambia, "Frateri, mimi hata nikisoma sitafaulu. Nyota yangu ilichukuliwa nikiwa mdogo." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja kijiji alikozaliwa. Nilimweleza kwamba Mungu anampenda na hakuna mwenye mamlaka juu ya maisha yake. Akaitikia kwa adabu, "Ndiyo, Frateri." Macho yake hayakubadilika. Nikaona kwamba kwa mtoto wa umri ule mahubiri peke yake hayatoshi. Afadhali atoke nje, aione nyota yenyewe na kuipima kwa mikono yake.

Darubini hatukuwa nayo, wala haikuhitajika. Tulianza na jua. Kila mtoto alisimika kijiti kilichonyooka katika uwanja wa kanisa, na kila baada ya nusu saa akaweka kokoto mahali kivuli kilipoishia. Waligundua wenyewe kwamba kivuli kifupi kuliko vyote hakikuja saa sita kamili bali karibu saa saba kasoro. Sababu yake ni kwamba saa za Tanzania hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko magharibi zaidi, karibu nyuzi 33. Jua hutufikia likiwa limechelewa kwa dakika zinazokaribia 50. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe Tabora tuna saa sita yetu!"

Kisha tukaja kwenye mwezi. Kwa majuma manne kila mmoja alichora kwa mkaa umbo aliloliona jioni au alfajiri. Jioni moja tukawasha taa ya chemli gizani, kila mtoto akashika chungwa lililochomwa kwenye kijiti, akanyoosha mkono na kuzunguka polepole. Mwezi mwandamo, nusu mwezi, mwezi mpevu, vyote vikatokea juu ya chungwa. Wengi hueleza kwamba hata jina la Wanyamwezi lilitoka kwa watu wa pwani, kwa kuwa mwezi mwandamo huonekana upande wa magharibi, ndiko tuliko sisi. Watoto waliipenda sana habari hiyo. Wakapenda pia kujua kwamba Pasaka yetu hutafutwa kwa mwezi: ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi.

Hapo ndipo mzazi mmoja alipokuja kuniuliza, "Frateri, mnawafundisha watoto wetu unajimu?" Swali lake lilikuwa la haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataza wazi kutafuta mambo yajayo kwa nyota na ramli. Nilimjibu kwamba tunachofanya ni kinyume chake: mpiga ramli anakuambia nyota inakutawala, sisi tunamfundisha mtoto kwamba nyota ni kiumbe, kina mahali pake na njia yake, nacho kinapimika. Kanisa lenyewe lina kituo chake cha kuchunguza anga, ambacho Papa Leo XIII alikianzisha upya mwaka 1891, na padre Georges Lemaître wa Ubelgiji ni miongoni mwa watu wa kwanza kueleza kwamba ulimwengu unapanuka. Mzazi yule alikuja jioni iliyofuata na watoto wake wawili, akakaa mpaka mwisho.

Jioni hiyo ilikuwa katikati ya Juni, saa mbili usiku, anga safi ya kiangazi. Msalaba wa Kusini ulikuwa umesimama wima. Niliwafundisha kupima kwa mkono ulionyooshwa: ngumi ni nyuzi kumi, vidole vitatu vya katikati ni nyuzi tano. Mkono wa mtoto ni mdogo, lakini ni mfupi pia, kwa hiyo kipimo hakibadiliki sana. Ukiurefusha mti mrefu wa Msalaba kuelekea chini mara nne na nusu, unafika mahali anga lote la kusini linapozungukia. Pale hapana nyota ya kung'aa, ila kutoka pale hadi upeo wa macho ni vidole vitatu tu. Hizo ndizo nyuzi tano za Tabora, kusini mwa Ikweta. Mwaka 1857 Burton na Speke walipofika Kaze, katika njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, Speke alitafuta kipimo hichohicho kwa vyombo vya shaba na nyota. Watoto wetu walikipata kwa vidole.

Yule binti alipima mara tatu. Kisha akauliza, "Frateri, huyo anayechukua nyota, anatumia ngazi gani?" Wenzake wakacheka, naye akacheka. Sidai kwamba hofu yote ilimwisha usiku ule. Hesabu bado zinamsumbua. Lakini sasa husema zinamsumbua kwa sababu ni ngumu, na kwa jambo gumu mtoto anaweza kusaidiwa. Kwa nyota iliyoibiwa angesaidiwaje?

Ndugu mafrateri, makatekista na wazazi, msingoje vifaa. Karibu na tarehe 6 Oktoba, muda mfupi baada ya saa sita na nusu mchana, jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu hapa Tabora. Simikeni kijiti wima uwanjani, mkiwaonya watoto wasilitazame jua kwa macho. Kivuli kitapungua mpaka kisionekane. Waacheni washangae kwanza, halafu wajibuni maswali yao.