Makambako hadi Mchuchuma, Waya Masikioni

Makambako mwezi wa Julai humtambua mgeni kwa nguo. Anashuka stendi na shati lake la Dar es Salaam, upepo unampiga, na kabla hajauliza choo kiko wapi anaulizia makoti ya mtumba. Hapa barabara kuu ya kwenda Tunduma inaachana na ile ya Njombe na Songea. Hapa pia inapita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mji wa njia panda umejaa watu wanaosubiri, na anayesubiri hununua: karanga, soksi, vocha, chaja, iyafoni.

Mimi nilisubiri gari la Njombe, ili niendelee hadi Ludewa, kisha niteremke Mchuchuma. Sikuwahi kufika huko. Jina nililijua kutoka kwenye taarifa ya habari, likitajwa sikuzote pamoja na Liganga kama kurwa na doto: makaa ya mawe huku, chuma kule. Mfukoni nilikuwa na simu isiyo na tundu la jeki, adapta ya Taipu-C isiyozidi urefu wa kidole, na iyafoni za kuzama sikioni, za aina ambayo waimbaji huvaa jukwaani ili wajisikie wenyewe katikati ya kelele za bendi.

Habari ya tundu hilo inajulikana. Septemba 2016 Apple walitoa iPhone 7 bila jeki ya milimita 3.5, na kampuni nyingine zikafuata, hasa kwenye simu zao za bei kubwa. Tangu hapo mwenye simu ghali ana mambo mawili: avae iyafoni za bluetooth, au anunue upya tundu aliloondolewa. Nilichagua waya. Bluetooth ni nzuri mjini, lakini nayo inataka chaji yake, na safari ya kulala gesti zenye soketi moja haihitaji kifaa kingine cha kugombea umeme. Adapta hunywa chaji kidogo ya simu, basi. Ubaya wake ni kwamba inakalia tundu lilelile la kuchajia, kwa hiyo ukiwa unasikiliza, pawabenki inabaki kwenye begi.

Pale stendi, kwenye meza ya vifaa vya simu, dada mmoja alikuwa amerudisha adapta aliyoinunua muda mfupi kabla. Akiichomeka, simu inakaa kimya. Kijana muuzaji akaichomeka kwenye simu yake mwenyewe, ikaimba. "Dada, adapta nzima hii, simu yako ndiyo imegoma." Walikuwa na haki wote wawili. Adapta hizi ni za namna mbili ingawa kwa nje zinafanana. Moja ni waya mtupu: inategemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa kuwa mawimbi ya umeme, na simu nyingi siku hizi hazifanyi hivyo kupitia Taipu-C. Nyingine ina chipu ndani, inapokea tarakimu kutoka kwenye simu na kuzigeuza yenyewe kuwa sauti. Hii ya pili hufanya kazi karibu kila mahali. Boksi halisemi, au linasema kwa Kichina. Dawa yake ni kuichomeka kwenye simu yako palepale mezani kabla hujatoa hela. Dada yule alipewa yenye chipu, akaongeza kidogo, wakaachana wakitaniana.

Kutoka Makambako hadi Njombe ni lami, kama kilomita 60. Spika ya basi ilikuwa juu ya kichwa changu na dereva alikuwa na imani kubwa na kwaya. Hapo ndipo iyafoni za kuzama zinapolipa nauli yake. Kimpira cha mbele kikikaa vizuri kwenye mlango wa sikio, kelele za nje hupungua kwa desibeli 20 hivi, ingawa mngurumo wa chini wa injini unabaki, maana huo hupandia hata kwenye kiti. Kimpira kikiwa kidogo mno, besi inavuja yote, na mtu atalaumu adapta, atalaumu simu, atalaumu msanii. Kwenye boksi huwekwa vimpira vya saizi tatu; wengi hawafungui hata kile kifuko. Sikio la kushoto na la kulia la mtu yuleyule linaweza kutaka saizi tofauti. Ningekuwa na shilingi za kugawa, za kwanza zingeenda kwenye vimpira.

Kuziba vizuri kuna faida nyingine isiyotajwa madukani. Asiyezibwa hupandisha sauti ili ashindane na basi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Ikifika 90, muda unashuka hadi saa 4 tu za wiki nzima. Safari moja ya basi lenye kwaya na injini, iyafoni za kulegea masikioni, na sehemu nzuri ya fungu la wiki imeliwa kabla ya Njombe.

Ndiyo maana sielewi haraka ya watu kutafuta adapta yenye nguvu nyingi. Iyafoni hizi ni nyepesi kuendesha. Yenye wepesi wa desibeli 110 kwa miliwati 1 inafika 80 kwa sehemu 1 tu ya 1000 ya miliwati hiyo, na adapta ndogo kabisa ya chipu inatoa miliwati kadhaa. Tatizo huwa upande wa pili: nguvu ikizidi, kidato cha kwanza cha sauti kwenye simu kinakuwa tayari kikubwa, na katikati ya nyimbo unasikia mvumo wa umeme kama "shhh". Cha kuangalia ni ukinzani wa adapta, uwe chini ya sehemu 1 ya 8 ya ule wa iyafoni. Kwa iyafoni ya ohm 16, adapta isizidi 2. Ukizidi, iyafoni zenye vipaza vidogo vingi ndani hubadilika tabia: hapa besi inavimba, pale sauti ya mwimbaji inarudi nyuma.

Njombe niliingia jioni. Ni mji wa kilima na baridi, watu wamevaa makoti kama sare, na viazi na parachichi vimepangwa barabarani hadi giza. Gesti walinipa mablanketi mawili bila kuombwa. Usiku huo nilisikiliza bila basi. Nilianza na Mlimani Park, bendi iliyoundwa 1978, na kwa mara ya kwanza magitaa yao yaliachana: solo anatembea juu, ridhimu anajaza, na besi hapigi tu kuunga mkono, anajibu. Kisha Hukwe Zawose na ilimba yake ya Kigogo. Ilimba ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui ili kila ufito wa chuma ukipigwa uache mvumo wa kukwaruza. Kwenye iyafoni za barabarani mvumo ule unachanganyika na mikwaruzo ya iyafoni zenyewe, hujui kipi cha fundi na kipi cha kiwanda. Usiku ule mvumo ulikuwa wa Zawose peke yake.

Lakini nyimbo nyingine nne au tano nilizifuta hapohapo. Zilipakuliwa zamani kutoka mahali pa ovyo, zimebanwa hadi matoazi yanalia kama maji ya bomba. Kifaa kizuri hakiziponyi, kinazianika.

Asubuhi tulirudi kidogo hadi Itoni, tukaingia njia ya Ludewa. Kati ya Lusitu na Mawengi barabara si ya lami, ni ya zege, kilomita 50 zinazopanda na kushuka milima ambako zamani malori yalilala siku kwa siku msimu wa mvua. Matairi juu ya zege yana wimbo wao, mwembamba na wa kudumu, na hakuna kimpira kinachoumaliza. Niliacha sikio moja wazi, na nilifanya vizuri, kwa sababu mama aliyekaa pembeni yangu hakuwa mtu wa kusafiri kimya. Aliuliza kwetu ni wapi, nina watoto wangapi, na huko Mchuchuma namfuata nani. Nilipomjibu kuwa naenda kuona tu, aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu, makaa yapo. Tumeambiwa yanachimbwa tangu mimi sijaolewa."

Ludewa mjini nilichukua bodaboda. Iyafoni ziliingia mfukoni. Anayeziba masikio yote mawili juu ya pikipiki kwenye kona za vumbi amechoka na maisha. Njia inateremka kuelekea Nkomang'ombe, na joto linapanda kila mteremko hadi koti la Makambako likawa mzigo. Huko chini ni bonde la Ruhuhu, miamba ya Karuu yenye zaidi ya miaka milioni 250. Makadirio yanayotajwa ni tani milioni 428 za makaa. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mkataba uliohusu pia mtambo wa umeme wa megawati 600. Nilichokiona mimi ni vichaka, mashamba ya mahindi yaliyovunwa, na mawe meusi ambayo dereva wangu aliyaokota akayasugua kiganjani, kikabaki cheusi.

Tulipumzika chini ya mti. Akaniomba "hivyo vidude" ajaribu. Nikatoa adapta, akacheka: simu yake, ya bei ya chini, bado ina tundu la jeki. Akachomeka waya moja kwa moja. Memori kadi yake ilikuwa imejaa singeli na nyimbo chache za Mbaraka Mwinshehe alizorithi kwa baba yake. Nilimwomba sikio moja: kwenye mapumziko ya wimbo tundu lake lilitoa "shhh" iliyokuwa kubwa kuliko ya adapta yangu, na wimbo ukirudi haikusikika tena. Yeye hakuijali hata kidogo. Alifumba macho, akapiga besi kwa kidole kwenye tangi la mafuta, akarudia wimbo tangu mwanzo.

"Kaka, hizi nikikuta Njombe ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akazichomoa taratibu, akazikunja waya vizuri, akanirudishia.

"Hela hiyo nafunga tairi la nyuma," akasema, na akapiga kiki pikipiki.