Siku tatu Shangani kwa pointi, na bibi yuko Ng'ambo

Shule za Marekani zinapofungwa katikati ya mwaka, familia nyingi za Kitanzania zinazoishi huko hupanga safari ya nyumbani. Masanduku hujaa zawadi, na watoto hufundishwa upya kusema shikamoo. Siku hizi baadhi ya familia hizo hubeba pia kitu kisichohitaji sanduku: pointi. Zimekusanywa mwaka mzima kwa kununua maziwa, nepi na mafuta ya gari kwa kadi ya mkopo, na sasa zinatosha kulala siku tatu katika hoteli ambayo kwa fedha taslimu baba na mama wasingethubutu hata kuuliza bei yake.

Ikiwa safari ni ya Unguja, swali linafuata hapo hapo. Hoteli iko Mji Mkongwe, nyumba ya bibi iko Ng'ambo, na kati ya hizo mbili ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Je, mtoto aliyeondoka miaka kumi anaweza kurudi na kulala hotelini?

Nyumba isiyoigwa

Hoteli inayofaa kuchukuliwa kama mfano ni Park Hyatt, iliyoko Shangani, pembeni kabisa mwa bahari. Ni ndogo kwa kulinganisha na hoteli za ufukweni za kaskazini na mashariki mwa kisiwa: ina vyumba 67 tu, na ilifunguliwa mwaka 2015. Sehemu yake moja ni jengo jipya. Nyingine ni Mambo Msiige, nyumba ya ghorofa iliyojengwa na tajiri wa Kiarabu katikati ya karne ya 19.

Jina hilo ni majigambo: haya ni mambo, msijaribu kuyaiga. Wazee husimulia kwamba chokaa ya kuta zake ilichanganywa na mayai ili ikamate vizuri zaidi. Baadaye nyumba hiyo ilikuwa ubalozi mdogo wa Uingereza, kisha hospitali ya Wazungu, kisha ofisi za serikali. Mzee wa Ng'ambo mwenye miaka sabini na kitu huenda aliwahi kuingia humo akiwa na bahasha mkononi, akafuatilia karatasi zake, akaambiwa arudi kesho.

Ujenzi wa hoteli haukupita kimya. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na jengo jipya lililopandishwa kando ya ile nyumba ya kale lilizua mjadala uliofika hadi kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuelewa mjadala huo akielezwa kwa lugha nyepesi: nyumba ya zamani ikiachwa bila fedha huanguka, lakini mwenye fedha akiachiwa kila kitu, mji hubadilika sura. Mfano wa kuanguka hauko mbali. Beit el Ajaib, iliyo hatua chache kutoka Forodhani, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

Kwa familia, uzuri wa kulala hapo ni kwamba mji unaanzia mlangoni. Alfajiri adhana husikika kutoka misikiti kadhaa, mmoja ukianza kabla mwingine haujamaliza. Jioni, bustani ya Forodhani huwaka taa za wauza urojo, mishikaki na maji ya miwa, na vijana huruka kutoka ukutani na kuingia baharini huku watu wakiwashangilia. Vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo mtoto mchanga ni heri abebwe mgongoni kuliko kusukumwa kwenye kigari.

Pointi si zawadi

Mzazi mwenye pointi anapaswa kujua zimetoka wapi. Mpango wa kwanza mkubwa wa aina hiyo ulianzishwa na shirika la ndege la American Airlines mwaka 1981, na hoteli zikafuata miaka miwili baadaye. Lengo lilikuwa kumfanya abiria asiende kwa mshindani. Kadi za mkopo zilipoingia, pointi zikaacha kuwa za wasafiri pekee. Kila kadi inapopitishwa dukani, mwenye duka hukatwa ada, na sehemu ya ada hiyo ndiyo hurudi kwa mteja kama pointi. Mwenye duka naye huifidia kwenye bei. Kwa maneno mengine, pointi zimeshalipiwa kidogo kidogo na kila anayenunua, hata yule anayelipa kwa noti.

Hatari kubwa iko kwenye deni. Riba ya kadi za mkopo Marekani imekuwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Familia inayobeba deni la dola 3,000 mwaka mzima hulipa riba inayozidi dola 600, na hakuna pointi zitakazorudisha fedha hizo. Mchezo huu unamfaa tu anayelipa bili yote kila mwezi, na anayenunua vile vitu ambavyo angenunua hata bila kadi. Aliyenunua televisheni ili apate pointi za kulala Shangani ameshalipia chumba hicho, tena kwa bei mbaya.

Kuna hesabu moja rahisi ya kufanya kabla ya kuzitumia. Mzazi achukue bei ya chumba kwa fedha taslimu, aigawe kwa idadi ya pointi zinazotakiwa. Tuseme chumba ni dola 400 au pointi 20,000: kila pointi inanunua senti mbili. Chumba hicho hicho kikishuka hadi dola 180 wakati wa masika, huku pointi zikibaki zile zile, kila pointi inanunua chini ya senti moja. Hapo ni heri kulipa fedha na kuziweka pointi kwa ajili ya Julai, Agosti au Desemba, wakati bei zinapopanda na familia nyingi ndipo zina likizo.

Mambo mengine matatu huwaponyoka wengi. Kwanza, pointi huoza. Katika mpango wa Hyatt, akaunti isiyoguswa kwa miezi 24 hupoteza pointi zake zote. Pili, mume na mke wanaweza kuunganisha pointi za akaunti mbili bila malipo, hivyo mwenye nusu na mwenye nusu hupata chumba kizima. Tatu, pointi za baadhi ya benki huhamishiwa kwenye hoteli, lakini zikishahama hazirudi. Asihamishe mtu kabla ya kuhakikisha chumba kipo kwa tarehe anazozitaka.

Kinachobaki kulipwa

Usiku wa bure ni kitanda cha bure, na kwa kawaida huishia hapo. Familia yenye watoto watatu isidhani kwamba wote watano wataingia chumba kimoja cha kawaida. Kila chumba kina idadi yake ya juu, na mzazi aandike umri wa watoto tangu siku ya kuagiza, si kuwaficha hadi mapokezi. Kifungua kinywa mara nyingi hakimo, isipokuwa kwa wanachama wa daraja la juu. Tozo za serikali zinazohesabiwa kwa kila mgeni kwa kila usiku huweza kudaiwa pia. Barua pepe moja kwa hoteli, yenye maswali hayo matatu, huokoa mabishano ya usiku wa manane wakati watoto wameshasinzia kwenye viti.

Kwa waliobadili uraia, gharama nyingine huanza hata kabla ya hoteli. Mwenye pasipoti ya Marekani hulipa dola 100 za viza, na mtoto aliyezaliwa huko huhesabiwa kama raia wa huko. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar pia inamtaka mgeni wa nje kununua bima ya safari ya serikali kabla ya kufika, na kwa mtu mzima ni dola 44. Anayevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, mwendo wa karibu saa mbili, ajue kuwa nauli ya mgeni si sawa na ya raia. Familia ya watu watano inaweza kujikuta imetumia mamia ya dola katika safari ambayo malazi yake ni ya bure.

Na bibi je?

Lakini gharama ngumu kuliko zote haiandikwi kwenye risiti. Bibi akisikia kuwa wajukuu wamefika na wamelala Shangani, anaweza asiseme lolote. Au atasema neno moja tu: "Kwani nyumba yangu imekuwa ndogo?" Mjomba atadhani fedha zipo nyingi, maana hoteli ile anaijua kwa nje. Kumweleza kwamba ni pointi hakusaidii sana, kwa sababu pointi hana, wala dukani kwake hakuna kitu kama hicho.

Upande wa pili nao una ukweli wake. Watoto wamesafiri zaidi ya saa ishirini na usingizi wao umegeuka. Mmoja ana pumu, mwingine hajawahi kulala kwenye chandarua. Mama amekuwa kazini mwaka mzima na anatamani asubuhi moja asiyoulizwa chakula kiko wapi. Kutaka mapumziko si kuwakataa ndugu.

Jambo linaloweza kusaidia ni mpangilio. Siku za kwanza ziwe za nyumbani, hata kama watoto watalala wanne kwenye godoro moja na umeme utakatika. Kitanda cha kwanza ndicho kinachosema familia imefikia wapi, na Ng'ambo watu huhesabu. Siku tatu za hoteli ziwekwe mwisho, kabla ya kupanda ndege, wakati salamu zimeshatolewa, kaburi la babu limeshazuriwa na zawadi zimeshagawiwa. Hapo hoteli haiwi mahali pa kujificha. Inakuwa kituo cha kupumzika kabla ya safari.

Bibi naye aalikwe, na mapema, si kwa simu ya dakika ya mwisho. Mzazi aulize hoteli kuhusu wageni wa mchana, atenge fedha za chai na vitafunio, kwa sababu pointi hazitalipa hilo, na aende mwenyewe kumchukua. Njia yenyewe ni somo kwa watoto: kutoka majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kupita Darajani, ambako zamani palikuwa na daraja juu ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, kisha kuingia vichochoroni hadi Shangani. Maji yale yalishafukiwa, lakini jina la Ng'ambo limebaki, na wajukuu waliotoka ng'ambo ya kweli watacheka wakielezwa.

Akishaketi akitazama bahari, aachiwe yeye nafasi ya kuzungumza. Mwongozaji watalii anaweza kutaja miaka na majina ya mabalozi. Bibi ndiye anayeweza kusema nani wa ukoo wao aliwahi kufanya kazi mtaa huu, mlango gani walikuwa wakiingilia, na sehemu gani ya ufuo walikuwa wakiogelea wakiwa watoto. Mjukuu mwenye Kiswahili cha kukatikakatika atashika nusu yake, na mama atatafsiri nusu iliyobaki. Simu iwe tayari kurekodi sauti, na iwekwe mezani pasipomsumbua.

Wakati wa kuondoka, mzazi asimwagie bibi getini na kumwitia teksi. Amrudishe hadi Ng'ambo, aingie ndani, anywe maji, akae japo robo saa. Chumba cha Shangani kitasubiri, kimeshalipiwa.