Shangazi, mizani na maji ya sifuri

Najua nimepotea sana, na hapana, sijadisko. Nilikuwa fildi miezi miwili, kisha nikaenda nyumbani Tabora. Nimerudi juzi na kitu kinanikaba, bora nikiseme hapa.

Nyumbani nilimkuta shangazi, yule anayeuza asali. Mwaka jana aliugua kansa, akasafiri kwenda kutibiwa kwa mionzi. Hospitali sitaitaja. Mliozaliwa mjini labda hamjui safari hizo. Kwa miaka mingi Ocean Road ya Dar es Salaam ilikuwa peke yake nchini kwa tiba mionzi, mpaka Bugando ya Mwanza nayo ilipoanza. Tabora hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Reli yenyewe ilifika Tabora mwaka 1912, ikifuata kwa jumla njia ya misafara, ile ambayo wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miezi kadhaa na pembe za ndovu hadi Bagamoyo.

Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye unasomea hizo mashine? Hebu niambie. Nimesafiri na ugonjwa wangu, nafika, naambiwa rudi kesho, mashine inapimwa. Mashine si ndiyo inampima mtu? Yenyewe inapimwa na nani?"

Dah. Sijawahi kuulizwa swali zuri hivyo darasani.

Nikamweleza. Kabla ya mionzi unapigwa CT scan ya kupangia tiba, ili ijulikane uvimbe uko wapi na mionzi ipite wapi. Ndiyo maana alilazwa kwenye ubao mgumu: kitanda lazima kiwe bapa kama kile cha mashine ya tiba, maana mwili ukizama kwenye kitanda kilichopinda, picha haitalingana na siku ya matibabu. Ile mistari ya taa mwilini ni leza. Pale inapopita ndipo wanapoweka vile vidoti, na kwa vidoti hivyo utapangwa kitandani kila siku ya tiba. Leza ikihama, mionzi nayo inahama. Mwongozo wa wanafizikia tiba wa Marekani wa mwaka 2003 unataka ikaguliwe kila siku, isizidi milimita 2.

Halafu kuna maji. CT inaipa kila kitu namba, kwa kipimo chenye jina la Hounsfield, Mwingereza aliyepata Nobel mwaka 1979 pamoja na Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Hewa ni hasi 1000, maji ni 0. Kwa namba hizo kompyuta inakadiria mwili utapunguza mionzi kiasi gani, ndipo inapiga hesabu ya dozi. Basi kila asubuhi unaweka fantomu, yaani chombo kilichojazwa maji, unaipiga picha. Maji yasome 0, yakizidi au kupungua isipite 5. Yakikataa, hakuna mgonjwa anayepanda.

Shangazi akacheka. "Kumbe ni mizani! Mimi kila asubuhi naweka jiwe la kilo moja kabla ya mteja wa kwanza. Watu wa vipimo wanakuja mara moja kwa mwaka, wanabandika stika, wanaondoka. Mizani inaweza kuharibika kesho yake. Fikiria babu zako wabebe pembe hadi pwani, wakute mizani inadanganya."

Hapo ndipo nikanyamaza, maana nina dhambi.

Fildi, mwezi wa pili, niliachiwa daftari la ukaguzi wa asubuhi. Siku moja nilichelewa, usiku nilikuwa kwenye mpira. Nikakopi namba za jana. Leza 1, maji 2, sahihi. Msimamizi alipoingia akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akaenda kuweka fantomu mwenyewe. Leza ya upande mmoja ilikuwa imehama milimita 4. Kichwani, milimita 4 inaweza kuwa ndiyo nafasi yote iliyopo kati ya uvimbe na neva ya jicho.

Hakunigombeza. Alinipa kalamu, akaniambia nikate namba zangu kwa mstari mmoja, ziendelee kusomeka, niandike za kweli pembeni na sahihi yangu. Wagonjwa walisubiri hadi mchana leza irekebishwe. Mama wa kwanza kwenye foleni alikuwa na begi lake la safari miguuni. Sikumweleza kitu, nilipita nikijifanya nina haraka.

Nikamwambia shangazi yote hayo. Alikaa kimya muda, akifuta mfuniko wa ndoo ya asali.

"Siku ile walionirudisha niliwalaani," akasema. "Laana naiondoa. Lakini mbona hakuna aliyekuja kuniambia kama ulivyoniambia wewe? Ingechukua dakika ngapi?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Chumba cha CT kilikuwa hatua kumi kutoka kwenye lile benchi.

Wadau, bado nina fildi moja. Fantomu nitaiweka kila siku, hata nikichelewa. Na maji yakikataa, nitatoka nje nikawaambie wanaosubiri ni kwa nini.

Kwa leo naishia hapa. Asali ya shangazi ipo, ila wahini: wenzangu wa chumbani wameshafika nusu ya chupa.