Daftari la Mgawo

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, mwezi wa kazi hauanzi tarehe mosi. Unaanza giza linaporudi, mbalamwezi ikiwa imekwisha, taa zikaweza tena kuwavuta dagaa hadi juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu vyombo hukaa nchi kavu, nyavu hushonwa, madeni husubiri. Mwenye duka wa Mwanga, mjini, aliyekopesha unga na mafuta ya taa alijua kwamba siku zile kudai ni kujisumbua. Nimekulia katika kalenda hiyo, na miaka yangu yote ya uhasibu nimekuwa nikiitetea mbele ya watu wanaoamini kwamba kila mwezi una tarehe thelathini na mshahara mwishoni.

Mjomba wangu alikuwa na kipe, yaani boti mbili zilizofungwa pamoja, wavu ukishushwa katikati. Nilipofika kidato cha pili nikaanza somo la utunzaji wa hesabu, aliniletea daftari jipya na kalamu. "Mjomba, wewe ndiye unayesoma. Andika," alisema. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Dagaa waliuzwa kwa beseni alfajiri, fedha zikaandikwa. Zikatolewa gharama za usiku ule: mafuta ya injini, mafuta ya taa za karabai, chakula cha wavuvi. Kilichobaki kiligawanywa nusu kwa nusu, sehemu ya chombo na sehemu ya watu. Kwa fedha za leo, usiku wa mauzo ya shilingi 600,000 na gharama za 180,000 huacha 420,000. Chombo huchukua 210,000, na wavuvi sita hugawana 210,000 nyingine, kila mmoja 35,000.

Lakini jambo ambalo mjomba alilishikilia kuliko yote lilikuwa kusoma. Giza likiisha, kabla hata senti haijatoka, aliwaketisha wavuvi wote chini ya mwembe, nami nikasoma daftari kwa sauti, usiku kwa usiku. Wengi wao hawakujua kuandika. Kukumbuka walikumbuka kila kitu: usiku upepo ulipowarudisha mapema, asubuhi bei ilipoanguka kwa sababu mvua ilinyesha na hakuna mnunuzi aliyetaka dagaa wasioweza kuanikwa. Yeyote aliweza kunikatiza. Mgawo haukufanyika mpaka maswali yaishe.

Nilipomaliza shule nilikwenda Dar es Salaam kwa treni ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, nikaingia Chuo cha Uhasibu pale Kurasini, ambacho baadaye kilikuja kuwa Taasisi ya Uhasibu Tanzania. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na jina la kwanza kubwa tulilofundishwa lilikuwa la mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliyechapisha kitabu Venice mwaka 1494 akieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila muamala pande mbili, debiti na krediti. Nililipenda somo hilo kwa moyo wote. Kuona kwamba kila kinachotoka mahali lazima kiwe kimeingia mahali pengine kulinipa furaha ambayo mpaka leo sijapata njia ya kuwaeleza wasio wahasibu.

Mwalimu alipofika kwenye urari wa hesabu, alisema jambo lililonishika. Pande mbili zikilingana, alisema, bado hamjajua kama hesabu ni kweli. Muamala ambao haukuandikwa kabisa, si debiti si krediti, hauharibu urari hata kidogo. Nilikaa pale nikiwaza wavuvi wa mjomba chini ya mwembe. Beseni lililouzwa bila kuandikwa, urari usingelijua kamwe. Angelijua mtu aliyelibeba begani. Kile nilichodhani ni desturi tu ya mwaloni kilikuwa ukaguzi, tena ukaguzi unaogusa mahali ambapo vitabu vyenyewe ni vipofu.

Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, niliifanya nikiwa tayari kazini. Ilikuwa ikija Mei na Novemba, nami nilisoma usiku baada ya kazi. Nilipata CPA, mama akachinja kuku, na asubuhi yake nikarudi ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghala. Vita vya Kongo vilipoanza mwaka 1996, watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa maelfu, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu, na Kigoma ikajaa mashirika ya misaada. Moja liliniajiri kutunza leja za maharage, unga na mafuta ya kula. Huko hakukuwa na faida wala hasara ya biashara. Swali lilikuwa moja: mzigo uliotoka hapa umemfikia aliyekusudiwa? Kila gari liliondoka na hati, na hati ilirudi na sahihi ya mpokeaji. Taarifa zangu zilisomwa na watu wa Ulaya ambao hawakuwahi kuonja maharage yale. Hata hivyo, kwenye kituo cha ugawaji kulikuwa na ubao ulioandikwa kiwango cha kila mtu, na wajumbe wa wakimbizi wenyewe walisimama kando ya mizani. Kama ungeniuliza wakati ule ninaamini kipi zaidi, taarifa yangu au ubao ule, ningekujibu bila kusita: ubao.

Baadaye nilifungua ofisi yangu mwenyewe Mwanga. Wateja walikuja wenye vyombo, akina mama wanaoanika dagaa, wauza mawese, vikundi vya kuweka na kukopa. Hapo ndipo vita vya kalenda vilipoanza kwa kweli. Mikopo ilipangwa kulipwa tarehe ileile kila mwezi, na kwa kuwa mwezi mwandamo una siku 29 na nusu, tarehe hiyo huangukia gizani leo, baada ya miezi kadhaa ikaangukia mbalamwezi, mvuvi akiwa hana shilingi. Anaandikwa mdaiwa sugu kwa sababu ya mwezi wa angani! Vikundi nilivyovishauri vikahamishia marejesho siku ya mgawo, giza linapoisha. Ninashikilia kwamba mhasibu anayepanga marejesho bila kujua fedha zinaingia lini hajaanza kazi.

Kisha ukaja mwaka 2024. Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano yetu na Burundi, Kongo na Zambia. Miezi mitatu bila mapato ilikuwa mizito kwa kila nyumba ya ufukweni. Mimi niliunga mkono usitishaji huo, na sababu yangu ni ya kihasibu. Kwa viwango vya kimataifa tulivyovipokea mwaka 2004, samaki wa bwawa la kufugia huhesabiwa kuwa mali wakiwa bado majini. Samaki wa ziwani hawamo katika mizania ya mtu yeyote mpaka wavuliwe. Boti tunaiandikia uchakavu, injini tunaiandikia uchakavu, ziwa hatuliandikii chochote. Ndiyo maana chombo kinaweza kuonyesha faida mwaka baada ya mwaka huku kinachokilisha kikipungua. Wenye madaftari ya miaka kadhaa waliyaona hayo wenyewe: usiku uleule, mafuta yaleyale, mabeseni machache zaidi.

Taasisi ya Uhasibu sasa ina kampasi hapa Kigoma, na vijana huja kwangu kwa mafunzo ya vitendo. Wanajua viwango kuliko nilivyovijua umri wao. Ninawapa kazi moja kabla ya nyingine zote: andika hesabu za chombo kimoja kwa giza moja, kisha nenda kawasomee wavuvi, kwa Kiswahili, ukae hapo mpaka maswali yaishe. Mwaka jana binti mmoja alikwenda na karatasi safi kabisa, pande zote zikilingana. Mvuvi mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza: "Mwanangu, na yale mabeseni mawili aliyochukua mke wa nahodha usiku wa upepo, umeyaweka wapi?" Binti akaketi mchangani, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika upya huku wakimtajia.