Kereng'ende wa Ngezi na jukwaa la bi harusi



Leo hatuzungumzii mitindo ya shela wala hina. Tunazungumzia kosa tulilolifanya kwa miaka kadhaa hapa hapa Pemba, huku tukisifiwa.

Sisi tunashona mashela na tunapamba majukwaa ya harusi. Mabibi harusi wengi siku hizi wanapenda majani mabichi nyuma ya kiti. Tulikuwa na vijana wanaotuletea kwa magunia. Tukilipa, tukipamba, basi. Hatukuuliza yanatoka wapi, mpaka mwaka jana kijana mmoja alipofika na matope hadi magotini.

"Umeyakata wapi haya?"

"Ngezi, dada, kando ya mto. Huko ndiko kwenye mazuri."

Ngezi ni msitu wa hifadhi, na hilo peke yake lingetosha kutuzuia. Lakini jirani yetu anayetembeza wageni kule alitueleza zaidi. Kwenye kijito cha msitu ule anaishi kereng'ende mdogo. Si yule mkubwa tunayemuona mashambani baada ya mvua. Huyu ni mwembamba kama sindano, na akitua hukunja mbawa zake mgongoni. Wataalamu walimtangaza rasmi mwaka 2007 wakamwita Platycnemis pembipes, jina lenye Pemba ndani yake. Duniani kote anajulikana hapo Ngezi tu.

Jamaa zake wa karibu hawako Tanga wala Unguja. Wako Madagaska na Komoro, mbali sana baharini. Hata mpapindi, ule mnazi wa msituni, na popo wetu mkubwa wa Pemba, ukoo wao umeelekea huko huko. Zamani bahari ilipokuwa chini, Unguja iliungana na bara. Pemba ina mkondo wenye kina kirefu sana, ikabaki peke yake. Ndiyo maana tuna viumbe wasiopatikana kwengine.

Tukajifunza na hili: kereng'ende wembamba hutaga mayai ndani ya majani na mashina ya mimea iliyo majini au kandoni mwake. Watoto wao huishi ndani ya maji mpaka waote mbawa. Ukikata mimea ile, unaweza kubeba na mayai yake, na ukaondoa kivuli kinachoyaweka maji baridi. Tukakumbuka magunia yaliyonyaukia jaani baada ya harusi kwisha. Moyo ulituuma.

Siku ile tulikuwa tumeshapokea arubuni ya harusi moja. Tukampigia bi harusi kumwambia kuwa majani ya Ngezi hatuyaleti tena. Mama yake alikasirika, akataka pesa zake, tukamrudishia. Mwezi huo kodi ya duka ilitutoa jasho.

Hatujuti. Tangu chuoni tumefundishwa tusifuje maji hata kama tunatawadhia mtoni. Vipi basi tuuharibu mto wenyewe kwa pambo la saa tatu? Kiumbe ambaye Mwenyezi Mungu amemweka kwenye kijito kimoja tu, amana yake iko kwa nani kama si kwetu sisi tuliozaliwa karibu naye?

Na bibi zetu walipendeza bila ya kuuvua msitu nguo. Walikuwa na asumini, kilua, mkadi na mrehani, vyote vya uani. Sasa nyuma ya duka tumepanda asumini na mrehani, na majukwaa yetu yananukia vikuba. Wateja wamepungua kidogo, lakini waliobaki wanaleta wenzao.

Bi harusi mpenzi, unapomlipa mpambaji wako, muulize jambo moja: majani haya yametoka wapi? Na ukienda Ngezi kupiga picha, usifue, usitupe plastiki, usichume kitu. Ukiona sindano yenye mbawa imetua juu ya jani, sema Subhanallah, upite pole pole.

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zenu. Amin.